Jiwe la Mama Twilumba na Mstari Mweusi wa Ramani

Vijana mnaojiandaa kwenda fildi, kabla hamjanunua buti jifunzeni kwanza kupiga hodi. Mtafundishwa kutumia nyundo, dira, simu zenye ramani na videge vya kupiga picha kutoka juu. Hodi hamtafundishwa, na mimi nimeona ramani nzima ya serikali ikikaribia kuharibika kwa sababu ya hodi ambayo haikupigwa.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu kisa hicho hakikuisha siku ile. Kilikuja kuishia mwaka jana kijijini Lusinile, juu huko milimani Iringa, mbele ya wodi ya wazazi ambayo ilikuwa imejengwa, imepakwa rangi, ina vitanda, na imefungwa kwa kufuli. Ilikosa maji. Mashimo mawili yalishachimbwa pembeni yake yakatoa vumbi tupu. Fedha iliyobaki ilitosha shimo moja, na mkunga mwenye ufunguo wa kufuli lile ni mdogo wangu Atupele.

Mimi naitwa Ambakisye. Nyumbani kwetu ni Iyunga, Mbeya, ingawa sasa nimejenga Ipogolo, Iringa, na hapa ndipo nilipostaafia. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hata hatujaanua matanga vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nikaacha shule nikiwa darasa la sita, nikawa nabeba mizigo stesheni ili Atupele na Lusajo wale na waende shule. Siku moja ikaja Landrova ya serikali inatafuta mtu mwenye mgongo imara na asiyeogopa baridi. Nikasema mimi ndiye. Nilidhani watanibebesha magunia ya viazi. Kumbe ni magunia ya mawe.

Kazi ile niliifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Nilianza kibarua, nikaajiriwa, nikawa msaidizi wa wajiolojia. Nikirudi Iyunga toka safari, wadogo zangu walikuwa wanakimbilia mfuko wangu wakitegemea sukari au kitenge. Wanakuta jiwe. Kila safari niliwaletea moja, niwaonyeshe nilikokuwa. Lusajo alikuwa akiwaambia wenzake, "Kaka yetu ameajiriwa na serikali kuhamisha mlima." Atupele yeye alikuwa anayapanga dirishani, halafu anauliza, "Hili linafanya kazi gani, kaka?"

Sasa niwaambie kidogo kazi yenyewe. Jiwe la nje linadanganya. Jua na mvua vimelipaka rangi, kuvu wamelipaka nyingine. Ukitaka kulijua lazima ulivunje uone uso wake mpya, uliovunjika sasa hivi, bado unang'aa, ndipo unaweka kioo cha kukuzia jichoni. Ukiwa na wasiwasi kama ni udongo uliogeuka jiwe, ligusishe ulimi. Likishika ulimi, umepata jibu na umepata chumvi ya siku. Marumaru utaidondoshea asidi, itachemka kama soda. Na kubwa kuliko yote: tofautisha mwamba na jiwe. Mwamba umekaa alipouweka Mungu. Jiwe limesafiri. Limebingirika, limesombwa na maji, au limebebwa na mtu. Ramani inachorwa kwa miamba, haichorwi kwa wasafiri.

Na dira isogezeni mbali na chuma. Dereva wetu Abdu, kijana wa Mlandege aliyekuwa na maneno kuliko mafuta kwenye tangi, aliwahi kumtazama mjiolojia wetu akipima mwelekeo wa mwamba huku ameegemea boneti. Akasubiri mpaka amalize kuandika. Akasema, "Bosi, mwamba huo utageuka kaskazini nikihamisha gari, au unabaki?" Tukarudia asubuhi nzima.

Mjiolojia huyo alikuwa Bwana Kazimoto. Nilijifunza kwake karibu kila nikijuacho. Alikuwa mrefu, mkimya mpaka aone jiwe jeusi, na hodari kwa sababu hakuogopa kifutio. Wapo watu wakishachora mstari wanautetea kama shamba la urithi. Yeye alikuwa anachora kwa penseli nyepesi, anautembelea mstari kwa miguu, na ukimkatalia anaufuta.

Lusinile tulifika kipindi cha baridi kali. Kwenye picha zilizopigwa na ndege, tukiziangalia mbili mbili kwenye kile chombo kinachofanya milima isimame, Bwana Kazimoto alikuwa ameona mstari mwembamba mweusi unaokata milima ya mawe meupe. Unaonekana, halafu unapotea kwenye miti na mashamba jirani na kijiji, halafu unatokea tena mbali. Alitaka kujua unapita wapi pale ulipojificha.

Tulipoingia kijijini tukakuta mawe meusi kila mahali. Kwenye misingi ya nyumba, kwenye mafiga, kwenye kuzuia milango. Macho yake yakang'aa. Akatoa penseli akachora vinukta vinukta moja kwa moja kupitia katikati ya nyumba, akasema, "Ambakisye, tumempata. Amepita hapahapa." Kisha akaona jiwe jingine kubwa jeusi nyuma ya jiko moja, limezama nusu ardhini, juu limeviringika vizuri. Akasema huo ndio mwamba wenyewe unachomoza. Akachukua nyundo ile kubwa, akalipiga mara moja. Likapasuka vipande viwili safi. Ndani jeusi, linametameta. Alikuwa amepiga magoti na kioo jichoni, anafurahi kama mtoto, mlango wa jiko ukafunguka.

Alitoka mwanamke kijana ana mwiko mkononi, na mtoto mgongoni. Ndiye Mama Twilumba.

"Kamwene," akasema. Salamu aliitoa, lakini uso haukuwa na salamu.

"Kamwene, mama," Bwana Kazimoto akajibu bila kuinuka. "Njoo uone. Huu mwamba umechomoza hapa kwako."

"Umechomoza?"

"Ndiyo, toka chini kabisa."

"Umechomozwa na kaka zangu wawili! Wamelibeba toka kwetu siku naolewa, mpaka mmoja akaumwa kiuno. Hebu geuza hicho kipande."

Tukageuza. Upande uliokuwa chini una bonde laini, limechongwa na miaka ya kusaga ulezi. Lilikuwa jiwe lake la kusagia. Kila akimaliza kusaga alikuwa analifudikiza, kuku wasilichafue na mbwa wasilambe. Miaka yote hiyo limefudikizwa mahali palepale mpaka likazama kidogo, na kwa juu likawa na sura ya mwamba uliozaliwa hapo.

Abdu alicheka mpaka akakaa chini. "Bosi," akasema, "leo umepima jiko."

Watu wakajaa. Mzee mmoja akawaeleza wenzake kwamba sisi tunatafuta mali aliyofukia Mjerumani, na kwamba Mama Twilumba alikuwa anasagia juu ya alama bila kujua. Wengine wakaanza kutazama mafiga yao kwa jicho jipya. Bwana Kazimoto akaomba radhi, kofia mkononi, akauliza amlipe kiasi gani.

"Hela hainisagii ulezi," Mama Twilumba akasema. "Utaniletea jiwe. Na litoke kwetu, palepale walipolitoa kaka zangu. Mawe ya hapa ni meupe, yanamomonyoka, unakula ugali unasikia mchanga. Kwa nini unafikiri kila mwanamke wa hapa amekuja na jiwe lake?"

Nakumbuka Bwana Kazimoto alivyogeuka. Akazitazama nyumba moja moja, mawe meusi kwenye misingi, mawe meusi kwenye mafiga. Akauliza taratibu, "Kila mwanamke?"

"Wote tuliotoka ng'ambo ile. Vikongwe wakifa, mawe yao yanajengewa."

Akatoa ramani mfukoni, akatoa kifutio, akafuta vile vinukta vyote mbele ya kadamnasi. Mzee wa mali ya Mjerumani akanong'ona, "Mnaona? Anaficha."

Kesho yake Mama Twilumba alituongoza kwao, kuvuka mgongo wa kilima. Na kweli, ng'ambo kule kijito kimekata ardhi, mwamba mweusi umesimama pande zote mbili za maji kama ukuta wa nyumba. Ule haukubebwa na mtu. Bwana Kazimoto alifurahi mpaka akasahau tulichofuata. Mama Twilumba hakusahau. Alituchagulisha mawe kama mtu anayenunua ng'ombe. Hili analigonga analikataa, lile analipapasa kwa kiganja anatikisa kichwa. Alipolikubali moja tukalifunga kwenye mti wa kubebea, mimi mbele na Bwana Kazimoto nyuma. Nilimwambia aniachie mimi na Abdu. Akasema, "Nyundo nilishika mimi."

Baada ya hapo tulirudi kuufuata ule ukuta toka kijitoni. Hatukwenda kwa gari, hatukubahatisha. Tuliutembea, tukichimba kidogo kwa jembe pale ulipofunikwa na udongo, mpaka ukatuonyesha unakopita. Haukaribii nyumba hata kidogo. Unazunguka chini, unakata bonde lenye mianzi ambako wazee walikuwa wanagema ulanzi, ile pombe ya mianzi, ndipo unapanda tena. Bwana Kazimoto akauchora hapo, wino, mstari usiokatika. Ramani ikachapishwa, ikawekwa kabatini, tukahamia milima mingine.

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana mtaulizwa swali hili mpaka mchoke: serikali inalipia nini watu watembee milimani wakivunja mawe? Madini yenyewe hamkuleta.

Nami niliulizwa. Nilipokuwa nakunywa chai Mafinga, Mbeya, kokote, watu waliona magunia yetu wakauliza dhahabu iko wapi. Nilipowaambia hakuna dhahabu, tunachora tu kila mwamba ulipo, walinihurumia. Sasa nimezeeka nimeona. Mkandarasi wa barabara alipotaka kokoto ngumu hakuzunguka mkoa mzima akitoboa vilima. Alifungua ramani yetu. Waliotaka mawe ya chokaa Mbeya waliifungua hiyohiyo. Waliotaka kujua ni mteremko gani una udongo unaoteleza, shule isijengwe hapo, nao waliifungua. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angelipa gharama ya kutembea milima yote ile. Wa kokoto angelipia kilima chake kimoja, akakifanya siri. Wa chokaa vivyo hivyo. Kijiji kama Lusinile kisingelipa kabisa, kwa sababu hakina. Ndiyo maana kazi hii inakuwa ya serikali: inatembelewa mara moja kwa niaba ya wote, inawekwa mezani, kila mmoja anakuja kuchukua haja yake, na ramani haipungui.

Nilikuwa nayajua hayo kwa kichwa. Mwaka jana niliyaona kwa macho.

Atupele alinipigia simu. Alikuwa amehamishiwa zahanati ya Lusinile, na nilishamtania kwamba amekwenda kukaa kwenye moja ya mawe yangu ya dirishani. Siku hiyo hakutaka utani.

"Kaka, nimezalisha tena kwenye chumba cha sindano. Maji amekuja nayo bibi wa huyo mzazi, ndoo moja kichwani. Wodi ipo hapo nje, naitazama dirishani. Wanachimba shimo la mwisho wiki ijayo, na kijiji kinataka lichimbwe palepale penye yale mawili makavu, eti ni karibu na zahanati."

"Hakuna mtaalamu?"

"Yupo, Injinia Neema. Anasema lichimbwe bondeni kwenye mianzi. Watu wamemzomea. Na yeye anasema ameona kwenye ramani ya zamani. Nikamwambia nina kaka, amebeba ramani hiyo mgongoni."

Nilipanda basi. Injinia Neema nilimkuta mkutanoni, binti mwembamba ana kishikwambi, na kwenye kioo chake ulikuwepo mstari wetu mweusi, uleule, bondeni kwenye mianzi. Nilijisikia kama mtu aliyekutana na ndugu. Yeye alikuwa ameshapima kwa mitambo yake pia, akaona dalili zilezile. Aliwaeleza watu vizuri, kwa lugha nyepesi: mwamba mweusi umesimama chini ya ardhi kama ukuta wa bwawa, maji yanayoshuka chini kwa chini toka mlimani yakifika hapo yanakwama, na shimo lichimbwe upande wa juu wa ukuta.

"Kwenye mianzi!" kijana mmoja akapaza sauti. "Mnachimba maji au ulanzi?"

"Kisima cha walevi!" mwingine akadakia. Mkutano ukacheka.

Mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasema mimi ni nani, na kwamba mstari ule niliutembea kwa miguu yangu. Mzee aliyekaa mbele akaniuliza, "Shimo likiwa kavu, utakuwa wapi wewe? Ipogolo, unakunywa chai. Sisi tutakuwa hapa na ndoo."

Alikuwa na haki. Nikamwangalia Atupele aliyesimama nyuma kabisa, mikono mfukoni mwa koti lake jeupe. Nikasema, "Mdogo wangu anazalisha hapa. Likiwa kavu nitakuwa nimemkausha yeye kwanza. Lakini mstari huo tuliutembea, haukuchorwa mezani."

Watu wakanung'unika. Ndipo bibi mmoja akainuka kwa mkongojo, akanisogelea, akanitazama usoni.

"Huyu ninamjua," akasema. "Hawa ndio walionivunjia jiwe!"

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke bila nyundo. Alikuwa Mama Twilumba, sasa bibi wa wajukuu wengi.

"Yule mrefu yuko wapi?"

"Alishatangulia, mama."

"Apumzike. Alikuwa mbishi lakini alibeba." Akawageukia watu. "Ninyi mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mnanyonya. Hawa watu walichora mstari wao katikati ya nyumba zetu. Nikawaambia mmekosea, haya mawe tumekuja nayo wanawake. Yule mrefu akafuta. Mbele yangu, akafuta! Kisha wakashinda wanapanda na kushuka, wanachimbachimba, natoka kuchota maji nawaona, narudi nawaona. Walikuja kutoka huko kwenye mianzi wamechoka kama punda. Mtu aliyekubali kufuta, akaenda kwa miguu, mimi nitamwamini. Chimbeni huko."

Akakaa. Kijana wa ulanzi akasema, "Haya, bibi ameshasema." Mikono ikanyooshwa, Neema akashinda.

Mtambo ulipoanza kutoboa mimi nilikaa kwenye gogo na Atupele pembeni. Mafundi walikuwa wanapanga chini kila kilichotoka shimoni, vifungu vifungu, toka juu kwenda chini, kama mama anavyoanika mchele. Udongo mwekundu. Kisha mchanga. Kisha jiwe jeupe lililooza. Vumbi. Likaendelea vumbi mpaka yule mzee wa mbele akaanza kunitazama, na mimi nikaanza kuwaza basi la kurudia litanipitisha njia gani asiyopita mtu. Atupele alikuwa ameshika ule ufunguo wa wodi, anauzungusha kidoleni, unazunguka, unazunguka. Neema alikuwa amechuchumaa karibu na mtambo, anasugua kila unga unaotoka kati ya vidole. Akaniita.

"Mzee, njoo."

Unga ulikuwa umeanza kushikana. Mwanzo kama unga wa ugali uliodondoshewa mate, halafu kama tope. Fundi akapiga kelele, tukarudi nyuma, na maji yakaruka toka shimoni, machafu ya rangi ya maziwa, yakatumwagikia sote, yakaendelea kuja. Kijana wa ulanzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukinga kikombe.

Walipovuta bomba la mwisho ncha ya mtambo ilikuwa imegusa ubavu wa ule ukuta wenyewe. Vilitoka vipande vyeusi. Nikaokota kimoja, nikakivunja kwa nyundo ya fundi nione uso mpya. Nilikitambua. Kilimetameta vilevile kama lile lililopasuka nyuma ya jiko.

Nimeona vijana wakilalamika kwamba kazi hii haionekani. Kwenye ukingo wa ramani ile kuna jina la Bwana Kazimoto, langu halipo, na la Mama Twilumba halipo. Hilo halijawahi kuninyima usingizi. Mstari upo mahali pake. Mkichora wa kwenu, utembeeni kwanza, kwa sababu hamjui ni nani atakayekuja kusimama juu yake akiwa na nafasi moja tu.

Kabla sijaondoka nilipita kwa Mama Twilumba kumshukuru. Lile jiwe tulilombebea bado lipo nyuma ya jiko, limefudikizwa. Nilipiga hodi kwanza. Alicheka sana, akanikaribisha nikae, na kile alichonikalisha juu yake kilikuwa nusu ya jiwe lililovunjika.

Zahanati nilikuta bomba la muda limeshafikishwa, mafundi wa kijiji wanafunga koki, na kufuli halipo mlangoni. Ndani mama mmoja alikuwa amelala na mtoto wake mchanga ameoshwa, anang'aa. Nikatoa mfukoni kile kipande cheusi, nikampa Atupele. Alikigeuza mkononi kama alivyokuwa akifanya Iyunga akiwa mtoto. Safari hii hakuuliza kinafanya kazi gani. Alikwenda akakiweka dirishani.